Sote Wawili Tunabeba

Jamani, mwanamke anaweza kusimama mbele ya wanafunzi arobaini akafundisha vinasaba bila kukosea hata neno, huku moyoni anakufa. Nisibishiwe, kwa sababu mimi nimefanya hivyo. Ilikuwa Jumatano, kipindi cha tatu, kwenye maabara ya bailojia, na mfukoni mwa koti langu jeupe mlikuwa na karatasi ya zahanati niliyoikunja mara nne.

Karatasi hiyo niliichukua jana yake jioni. Ilisema ninabeba selimundu. Siumwi, nieleweke. Mimi napanda ngazi za ghorofa tatu bila hata kuhema. Lakini nimerithi nusu ya ugonjwa uliomuua kaka yangu akiwa na miaka tisa, na nikiolewa na mwanamume mwenye nusu kama hiyo, kila nitakaposhika mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto atakayelia mifupa usiku kucha kama alivyolia kaka.

Ndiyo maana mama aliiweka posa kando. Hakusema hamtaki kijana wa watu, la hasha, alimpenda kuliko hata alivyotaka kuonyesha. Alisema tu, "Mkapime, nyote wawili. Mmoja wenu akiwa habebi, nitapiga vigelegele mpaka majirani wanichoke. Mkiwa mnabeba wote, hakuna ndoa. Na majibu yake nataka kuyasikia kwa mdomo wake mwenyewe, si kwako. Wewe unampenda, utayapaka sukari."

Kwa hiyo maisha yangu yote yalikuwa mikononi mwa yule bwana aliyesimama nyuma ya darasa, akipanga mirija ya kioo kama hana habari.

Huyo ndiye aliyenichumbia, na ndiye fundi wa maabara yetu. Wanafunzi wamempa jina la Lebo, kwa sababu hakuna kitu anachokiacha bila kukibandika karatasi yenye maandishi. Chupa zina lebo, droo zina lebo, kikombe chake cha chai kimeandikwa KIKOMBE. Mwaka juzi nilipokuwa mgeni hapa, nikiwa nimenuna kwa sababu zangu, nilikuta kiti changu kimebandikwa KITI CHA MWALIMU ANAYENUNA. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku ile nimekwisha, sina ujanja.

Jumatano hiyo hakunitazama. Nilimsogelea nikijifanya nakagua vichujio.

"Majibu?" nikamnong'oneza.

"Baada ya kipindi, Mwalimu."

"Niambie ndiyo au hapana."

"Wanafunzi wanatutazama."

"Waache watazame, kwani wamelipa kiingilio?"

Kwa kawaida hapo angecheka. Alifuta mrija ambao tayari ulikuwa mkavu, akaurudisha mahali pake. "Baada ya kipindi," akasema tena, akaenda upande wa pili wa meza.

Sikuwa na la kufanya ila kufundisha.

"Haya," nikapaza sauti. "Leo tunavitoa vinasaba vya ndizi, tuvione kwa macho yetu wenyewe. Kila kundi lina nusu ndizi mbivu ndani ya mfuko. Iponde mpaka iwe uji. Mkiacha mabonge, shauri yenu."

Darasa zima likaanza kuponda. Kuna waliokuwa wakiponda kwa adabu na kuna waliokuwa wakilipiza kisasi. Harufu ya ndizi ikajaa chumba kizima.

"Sasa mimineni maji ya chumvi na sabuni ya vyombo. Sabuni inafanya nini?"

"Inaosha ndizi!" akadakia mmoja, wenzake wakamzomea.

"Inayeyusha utando wa seli," akajibu msichana wa meza ya mbele, ambaye sisi walimu tunamwita Wakili kwa sababu hajawahi kukubali jambo bila kulibishia. "Utando ukipasuka, vilivyomo ndani vinatoka."

"Vizuri. Chujeni polepole kwa kitambaa. Halafu mkimaliza, mnamimina spiriti ya baridi pembeni mwa mrija, taratibu, isichanganyike. Ikae juu kama mafuta yanavyokaa juu ya maji. Tutaona nyuzi nyeupe zinapanda. Hizo ndizo zenyewe."

Lebo alipita meza kwa meza akiwagawia spiriti. Wanafunzi wakamimina, wakainama, pua karibu na kioo. Tukasubiri. Dakika moja, mbili, nne. Hakuna kitu. Ukungu kidogo tu, basi.

"Mwalimu, ndizi yetu haina vinasaba," akasema mvulana mmoja kwa huzuni, kama anayetoa taarifa ya msiba.

Nikaichukua chupa ya spiriti iliyokuwa mezani kwake. Ilikuwa vuguvugu. Ilikuwa imetoka kabatini moja kwa moja.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Kazi hii tumeifanya pamoja mara nne. Kila mara, tangu jana yake, Lebo huipeleka spiriti kwenye friji la jikoni kwa walimu, akaibandika lebo mbili, moja ya jina na moja ya vitisho kwa mtu atakayeigusa. Mtu huyu hasahau. Anakumbuka hata siku niliyokata nywele. Nilipoishika chupa ile, majibu yake niliyajua kabla hajafungua mdomo.

"Fundi," nikamwita, "spiriti ni ya moto."

Akaja, akaishika, akafumba macho. "Nisamehe, Mwalimu. Nimesahau. Naleta barafu."

Akatoka karibu akikimbia. Wakili akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nina swali. Kama vinasaba vinatoka kirahisi hivi, kwa sabuni na chumvi tu, kwa nini madaktari wasiwatoe watu kile kibaya wakawaachia vizuri?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. "Kwa njia hii vinatoka vyote kwa pamoja," nikamwambia. "Vimeshikana. Huwezi kuchagua ukiwa na sabuni na chumvi."

"Kwa hiyo mtu akirithi kibaya ndiyo basi tena?"

"Hajafanya kosa lolote, kama hilo ndilo unalouliza."

"Sikuuliza hilo, Mwalimu."

"Najua. Andika."

Lebo akarudi na beseni la barafu, akazika chupa ndani yake, tukasubiri tena. Safari hii, walipomimina, nyuzi zilipanda. Nyeupe, laini, zimesokotana kama pamba iliyolowa. Darasa likapiga kelele za furaha, wakawa wanazivuta kwa vijiti, wanaonyeshana. Mimi nilikuwa nikimtazama yeye tu, na safari hii naye alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Mungu wangu, nilimpenda mtu huyu. Kengele ilipolia niliwaambia wanafunzi waache vyombo hivyo hivyo wakapumzike, jambo ambalo hawajawahi kulisikia kutoka kwangu, wakatoka mbio kabla sijabadili mawazo.

Tukaingia kwenye kile chumba kidogo cha stoo nyuma ya ubao, kunakowekwa mizani na hadubini. Akatoa karatasi yake, akanipa. Nikaisoma. Anabeba.

Sikulia. Nilimkumbatia. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi. "Pole," nikamwambia kifuani. "Pole, mpenzi wangu. Hukujua. Hatukujua."

Akanishika mabega, akanisogeza nyuma taratibu.

"Usinipe pole," akasema. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba nabeba. Tangu chuo. Tulikuwa tunapimana damu sisi kwa sisi, ndiyo yalikuwa mazoezi yetu. Mwenzangu ndiye aliyeniambia. Ni miaka kumi na moja sasa."

Nilisikia maneno lakini hayakuingia mara moja. Yalipoingia, nilihisi kama nimemwagiwa beseni lile la barafu.

"Nilikusimulia habari za kaka," nikamwambia. "Hapa hapa. Ulikaa kwenye kigoda hiki ukanifuta machozi kwa pamba ya maabara. Nikakueleza alivyokuwa akijikunja kitandani. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilitaka kukuambia."

"Ulitaka!"

"Nilikuwa nishakupenda. Nikasema moyoni, huenda yeye habebi. Nikiwa nabeba peke yangu, hakuna neno, watoto watakuwa salama. Nikawa naomba Mungu kila siku iwe hivyo."

"Yaani maisha yangu umeyachezea bahati nasibu."

"Sikuchezea! Niliogopa kukupoteza!"

"Wiki iliyopita ulinichorea nyumba. Vyumba viwili vya watoto, kila kimoja vitanda viwili. Ulikuwa unachora nini? Wodi?"

Neno hilo lilimchoma, nikaona. Na nilitaka limchome. Akakivuta kigoda, hakukaa.

"Naomba nikuulize na mimi kitu kimoja," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Wewe ni mwalimu wa bailojia. Mada hii unaifundisha mwaka wa sita huu. Kaka yako amekufa nayo, maana yake baba yako alibeba na mama yako anabeba. Hesabu hiyo unaijua kuliko mimi. Mbona hukupima mpaka mama yako alipokulazimisha?"

Nikaigeukia mizani, nikaanza kuipangusa vumbi.

"Nijibu."

"Niliogopa," nikasema.

"Basi tuliogopa wote."

"Usijilinganishe na mimi! Mimi sikujua, nikaogopa kujua. Wewe ulijua, ukaninyamazia. Hivyo ni vitu viwili tofauti!"

"Ni kweli," akasema. Hakubisha tena, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu nilikuwa na hasira za kutosha mpaka jioni na hakukuwa tena na mtu wa kugombana naye.

"Hodi," ikaita sauti darasani.

Nilisahau kabisa. Mama alikuwa amesema atafika wakati wa mapumziko. Mama yangu anashona mapazia, duka lake liko mtaa wa pili kutoka shuleni, na alikuja vile vile alivyotoka kwenye cherehani, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni na vipande vya uzi kwenye gauni. Alipita katikati ya meza zilizojaa maganda ya ndizi, akatuona mlangoni mwa stoo. Akatutazama nyuso, mmoja baada ya mwingine.

"Shikamoo, mama," akasema Lebo.

"Marahaba, mwanangu. Haya, nimekuja kusikia."

Nilidhani atamung'unya maneno. Hakumung'unya. "Nabeba, mama. Binti yako anabeba na mimi nabeba. Na kuna baya zaidi. Mimi nilijua, miaka kumi na moja, na sikumwambia."

Mama akavuta kiti changu akakaa. Nilimjua mama yangu. Nilisubiri radi ipige. Nilitaka ipige.

"Umemsikia, mama?" nikasema. "Ulisema tupime, tukahangaika na sindano, kumbe mwenzetu jibu analo kabatini zamani. Mwambie! Mwambie ulichoniambia mimi!"

"Wewe hebu nyamaza kidogo," akasema mama.

"Ninyamaze? Mimi ndiye niliyedanganywa!"

"Nimesema nyamaza. Si yeye peke yake aliyekudanganya."

Mama aliutoa utepe shingoni, akaanza kuukunja kwenye vidole vyake, bila kunitazama.

"Siku zote nimekuambia tuligundua ugonjwa wa kaka yako wakati wewe umeshazaliwa," akasema. "Si kweli. Daktari alituita, mimi na marehemu baba yako, kaka yako ana mwaka mmoja na nusu, vidole vimemvimba hawezi kushika kijiko. Akatueleza vizuri sana. Akasema mkiweza, msizae tena. Tukarudi nyumbani tukalala mzungu wa nne karibu mwaka mzima. Kama ndugu. Halafu nikashika mimba yako."

"Kwa bahati mbaya," nikasema. Sikuwa nauliza, nilikuwa naomba.

"Hapana, mwanangu. Nilitaka. Baba yako alikataa, nikamlilia mpaka akakubali. Nilikuwa nataka mtoto nitakayemshika bila kuogopa kwamba namuumiza. Miezi tisa sikulala. Ulipozaliwa sikufurahi, niliogopa hata kukutazama. Unakumbuka kaka yako alivyokuwa akikubonyeza vidole kila asubuhi, kimoja kimoja, anakuuliza kama vinauma?"

"Ulikuwa mchezo wetu," nikasema.

"Haukuwa mchezo. Mimi ndiye niliyemfundisha. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, siwezi kukukagua mwenyewe, nikampa kazi hiyo yeye, mtoto mgonjwa. Na kila akirudi ananiambia, 'Mama, mdogo wangu haumwi,' anafurahi kama yeye ndiye aliyepona."

Nilishika kingo za meza. Miaka ishirini na tatu tangu tumzike, na nilikuwa bado ninavihisi vidole vyake. Lebo alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yakimdondoka sakafuni, na hakuyafuta.

"Mama," nikasema, "ungerudia?"

Akaukunjua utepe wote, akaanza kuukunja upya.

"Nikikutazama wewe, ningerudia kesho," akasema. "Nikimkumbuka kaka yako usiku ule wa mwisho, nisingethubutu kumtamani mtoto mwingine hata kwa dakika moja. Sasa niambie wewe, mwanangu, nikujibu kama mama wa nani?"

Nje wanafunzi walikuwa wanapiga mpira, wakigombana kama umetoka au haujatoka.

Lebo akapiga hatua moja mbele, akapiga goti mbele ya mama. "Mama, mimi ni mkosaji, sijitetei. Lakini siku hizi si kama zamani. Kuna dawa, watoto wanatibiwa, wanasoma, wanakua. Na kama hilo halitoshi, basi tusizae. Tutamlea mtoto asiye na wazazi. Nitakaa na binti yako hivyo hivyo mpaka nife, na sitamlalamikia hata siku moja. Naapa."

Nilitarajia mama atasema hapana. Alimshika kichwa, kama anavyonishika mimi nikiwa na homa.

"Mimi nimekusikia," akasema. "Muulize mwenyewe."

Akageuka, bado yuko chini, akaniangalia. Nawaambieni ukweli, mwili wangu wote ulitaka kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa imefika kwenye meno.

"Umesema kweli?" nikamuuliza. "Utakaa bila mtoto wako?"

"Kweli kabisa."

"Nakuamini. Sasa nami nikuambie kweli. Mimi siwezi."

"Unaweza. Tutasaidiana."

"Nisikilize. Mwaka wa kwanza nitakuwa na furaha, nitakupikia, tutacheka. Mwaka wa pili nitaanza kuwatazama watoto wa watu. Mwaka wa tatu nitakulilia. Nitakulilia mpaka ukubali, na wewe utakubali, kwa sababu hujui kuninyima kitu. Ningethubutu, unanielewa? Najijua. Halafu ningempa mtoto mmoja kazi ya kumkagua mwenzake."

"Hujui kama ingekuwa hivyo."

"Najua. Mimi ni mtoto wa mama yangu."

Akanyanyuka. Alikuwa na vumbi la chaki kwenye goti. Nilitaka kulipangusa, mkono ukaenda wenyewe, nikaurudisha.

"Ni kwa sababu nilikuficha?" akauliza. "Kama ni hilo, sema. Hilo naweza kulibeba."

"Hilo nilishakusamehe, mama alipokuwa anaongea. Natamani lingekuwa ndilo. Ningekununia wiki mbili, yakaisha."

Tulitazamana. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu, na sidhani kama nitatazamwa hivyo tena. Aliichukua karatasi yake mezani nilipoiacha, akaikunja, akaitia mfukoni. Akamuaga mama kwa heshima zote, kama mteja aliyekuja kuagiza mapazia. Mimi hakuniaga. Akapita katikati ya meza, akafungua mlango, na nikasikia viatu vyake vinashuka ngazi.

Nilikuwa mkavu, machozi hayakuja. Aliyelia ni mama. Yeye aliyeweka sharti, yeye aliyekuja na jibu lake tayari, alijifunika uso kwa viganja, utepe ukamdondoka miguuni, mabega yakawa yanamtikisika.

"Mfuate," akaniambia. "Mfuate, mwanangu, hajafika mbali. Nimekuruhusu. Unanisikia? Nimekuruhusu!"

Nilimsikia. Nilisikia na viatu vimefika ghorofa ya chini. Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta meza.